Mtoto Asiyegeuka Akiitwa

Nkololo, Bariadi
14 Januari 2024

Mdogo wangu Stephania,

Mwadila. Huku kwetu mhola duhu, na kama huko Masasi wameshakusahaulisha Kisukuma, basi jua tu kwamba tu wazima. Mama anatembea vizuri na analalamika vizuri zaidi. Wifi yako Gloria goti limempa nafuu. Pamba imefika magotini, palizi ya pili tumeanza Jumatatu. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, na Maduhu jirani yetu anadai alilijua hilo tangu Oktoba.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu unaijua simu ya nyumba hii. Mama hasikii vizuri, kwa hiyo lazima tuweke sauti ya nje, na tukiweka sauti ya nje Maduhu anaacha jembe anakuja kusikiliza. Ukijibu, tumia sanduku la posta la parokia. Nitaikuta barua nikienda mjini Bariadi.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Nyamizi wako ameanza darasa la kwanza tarehe 8. Siku ya tatu mwalimu wake, Rhoda, alinisimamisha njiani. Anasema wakati wa kuita majina mtoto haitiki. Anaitwa mara tatu, mara nne, wenzake wanamsukuma, yeye anaangalia nondo za dirisha. Mwalimu alidhani ni kiziwi. Nikamwambia si kiziwi, maana Gloria akifunua sufuria ya michembe, viazi vyetu vya kukausha, nyuma ya nyumba, huyo mtoto anafika kabla mvuke haujapungua. Mwalimu akasema basi ni kiburi.

Maduhu anasema ni malezi ya mjini. Gloria anasema atakua. Mama anamtetea, anasema mjukuu huyu ana adabu kuliko wote kwa sababu hamtazami mkubwa machoni. Lakini kwenye kusalimia hata mama ameshindwa. Wazee wakipita, watoto wote wanapiga magoti, yeye anaendelea kuchomoa mbegu kwenye pamba ya mwaka jana, moja moja, anazirundika. Ukimzuia analia mpaka sauti inakauka. Mama ameanza kuwa na wazo lake kuhusu kilio hicho. Sitaliandika mpaka nijue limefika wapi.

Ulipomleta Oktoba ulikaa siku mbili ukaondoka, na hukusema mengi. Mimi si mtu wa kuulizauliza. Miaka ishirini na sita ya ukatibu wa chama cha ushirika imenifundisha kuandika kilichosemwa na kuacha kisichosemwa. Lakini sasa nauliza. Kuna jambo tunalopaswa kulijua?

Kaka yako,
Boniventura

*

Masasi
22 Februari 2024

Kaka Boniventura,

Shikamoo, na mama nampigia magoti kutoka huku. Barua yako ilifika tarehe 9. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya zamu. Maabara tuko wawili tu na mwenzangu yuko likizo ya uzazi. Nashinda na darubini, nikifumba macho naona vijidudu vya malaria. Nimehamia chumba kingine karibu na kituo cha afya. Kina umeme na paka asiye na mwenyewe.

Jibu ni kwamba hakuna jambo. Nyamizi alichelewa kidogo kuongea, basi. Masikio yamepimwa, yako sawa. Kuongea anaongea, tena mtamsikia mwenyewe akisema tangazo zima la redio bila kukosea neno, na mtoto mwenye tatizo la kichwa hawezi hivyo. Halafu ni mtoto wa kike, watoto wa kike wana aibu.

Ila usimwite kwa sauti ya juu. Mboga isiwekwe juu ya ugali, iwe pembeni, isiguse. Njia ya shule iwe ile ile kila siku. Akitaka kukumbatiwa mkumbatie kwa nguvu, ukimgusa kidogo kidogo atakusukuma. Sare ikiwa na kitambaa cha jina shingoni, kikate. Mkifanya hivyo mtaona hana tatizo lolote.

Kuhusu baba yake, tusimwongelee.

Msalimie wifi.

Mdogo wako,
Stephania

*

Nkololo
7 Aprili 2024

Mdogo wangu Stephania,

Mwangaluka. Pasaka tumesherehekea salama, mama alikula nyama kuliko padri. Mvua imekuwa nyingi, mahindi yamependeza. Barua yako nimeichukua Machi 20. Ilikaa posta muda kwa kuwa ufunguo wa sanduku alikuwa nao mtu aliyesafiri nao kwenda harusini.

Nimeyasoma maelekezo yako. Sijawahi kuona mtu asiye na tatizo lolote akiandikiwa maelekezo mengi namna hiyo, lakini tumeyafuata. Kitambaa cha shingoni Gloria amekikata. Mboga tunaweka pembeni.

Sasa lile wazo la mama. Unajua mambo ya kwetu: mtoto akilia bila sababu, kuna wa ukoo aliyetangulia anayetaka mtoto abebe jina lake, na hatatulia mpaka apewe. Mama akaongeza la pili, kwamba mtoto haitiki akiitwa Nyamizi kwa sababu hilo si jina lake. Ukimsikiliza vizuri ina mantiki. Mama na mtoto wakaenda kwa Mayige, mganga wa Mwamapalala, akapasua kuku akasoma. Mimi sikwenda, nilikuwa kwenye kikao cha jumuiya. Kuku alikuwa wangu, hilo siwezi kulikana.

Jina lililotoka ni Milembe, mama yake mama. Nyumba nzima tumeamriwa tumwite Milembe, na anayejisahau anafokewa. Shuleni bado ni Nyamizi. Mpaka leo haitiki hata kwa Milembe, kwa hiyo sasa ana majina mawili asiyoyageukia.

Kilio kimepungua sana na mama amefurahi. Nilitazama kalenda. Kilipungua siku shule ilipofungwa, na darasani kwao wako watoto mia moja na kumi, wote wanapiga kelele kwa pamoja. Nilimweleza Gloria hilo. Mama sikumweleza.

Mayige amesema kama mpaka mwisho wa Mei mtoto hajaitika, apelekwe akae kwake mpaka aitike. Hakusema muda gani. Mama amekubali. Mimi sijasema ndiyo wala hapana, unanijua.

Kaka yako,
Boniventura

*

Masasi
5 Mei 2024

Kaka,

Shikamoo. Salamu nyingine nitaandika siku nyingine.

Kuna karatasi. Novemba ya mwaka juzi nilimpeleka Nyamizi kwa daktari wa watoto. Daktari alikaa naye sakafuni siku mbili, wakicheza na vifuniko vya chupa. Akaniuliza kama mtoto ananitazama machoni. Nikajibu kwa fahari kwamba kwetu mtoto hamkodolei mkubwa macho. Akaandika. Akauliza, na watoto wenzake je? Nikainama kuokota vifuniko.

Aliandika usonji, na chini yake ile hali ya kutotulia na kutoshika jambo moja. Nilibishana naye. Nikamwambia mbona akipata vifuniko anakaa navyo saa mbili hanyanyuki. Akasema hilo nalo ni sehemu yake: kinachomshika humshika kabisa, kisichomshika hakimshiki hata dakika moja. Nikasema anaongea. Akasema wengi wanaongea. Nikasema ni msichana. Akasema wasichana ndio wanaotuponyoka. Nikasema lakini ananipenda. Akaniuliza, nani amekwambia hawapendi? Mwisho nikamwomba kipimo cha damu. Akasema hakuna, linajulikana kwa kumtazama mtoto na kuuliza maswali. Hapo nikapata pa kukimbilia. Mtu wa maabara mimi. Kisichoonekana kwenye darubini, nikajiambia, hakipo.

Baba yake aliisoma karatasi mara moja. Akasema kwenye ukoo wao hakuna kitu kama hicho, itakuwa ni kwetu, au ni zile dawa za maabara nilizokuwa nazivuta nikiwa mjamzito. Wiki hiyo hiyo akaondoka. Daktari alishaniambia si dawa, wala si malezi, wala si kosa la mtu. Lakini nilimwamini yule aliyekuwa anafunga begi.

Sikumleta Nkololo kwa ajili ya zamu, kama mlivyodhani. Nilimleta kwa sababu niliona huko, bila karatasi, atakuwa mtoto tu kati ya watoto. Na niliona aibu. Naiandika ilivyo: nilimwonea aibu mtoto wangu.

Ningeweza kupiga simu. Wiki hii nimepiga mara mbili, nikaongea na mama habari za mvua.

Usimwache apelekwe kwa Mayige. Hakuna marehemu anayemdai. Nakala ya karatasi imo ndani ya bahasha hii.

Stephania

*

Nkololo
16 Juni 2024

Mdogo wangu Stephania,

Mwadila. Mama mzima, Gloria mzima. Ununuzi wa pamba umeanza na foleni ya mizani ni ndefu.

Barua yako ya tarehe 5 Mei niliichukua tarehe 11 Juni. Wiki tano sikuwa nimefika mjini kwa ajili ya mavuno. Sina wa kumlaumu kwa hilo.

Nyamizi alipelekwa Mwamapalala tarehe 7. Mimi ndiye niliyempakia kwenye pikipiki.

Nilisoma barua yako nimesimama nje ya posta, nikaondoka hapo hapo kwenda kumchukua. Nilimkuta amekaa peke yake kwenye kivuli cha zizi. Hakupigwa, Mayige si mtu wa kupiga. Alioshwa dawa asubuhi na jioni, na kila akishaoshwa aliitwa Milembe mbele ya watu, wote wakingoja ageuke. Chakula cha pale huchanganywa kwenye sahani moja. Kwa siku nne alikuwa amekula michembe tu, ile aliyofungiwa na Gloria kwenye kitambaa. Nilimwambia Mayige namchukua. Akasema kazi haijaisha. Nikasema najua.

Mtoto hakunitazama. Alipanda pikipiki mwenyewe kabla sijaiwasha, akanishika kiunoni kwa nguvu mpaka nikashindwa kuvuta pumzi vizuri. Nililia njia nzima. Kofia ngumu ina kioo, kwa hiyo hakuna aliyeona.

Nyumbani nilimsomea mama barua yako yote nikiigeuza Kisukuma, na ile karatasi pia. Alimenya viazi vya sufuria nzima. Halafu akasema, na nakuandikia kama alivyosema: "Mimi nimezunguka na kuku wangu nikitafuta mjukuu wangu ana nini. Kumbe mama yake anajua, ameikunja ameiweka kabatini. Sasa kati yangu na yeye, nani amemtesa mtoto?"

Nilimwambia kuku alikuwa wangu, akanifukuza jikoni.

Tangu juzi ameacha kumwita Milembe. Hamwiti Nyamizi pia. Akimtaka anamfuata mpaka alipo, anakaa chini karibu naye, na kungoja. Kwa mtu wa umri wake ni kazi kukaa chini hivyo. Njoo umwone mtoto.

Kaka yako,
Boniventura

*

Masasi
4 Agosti 2024

Kaka Boniventura,

Shikamoo. Nimefika salama baada ya siku mbili za basi. Wabeja kwa kuku na kwa michembe, wenzangu kazini wameimaliza. Mwambie mama ile kanga inamfaa, asiiweke sandukuni. Najua sikuaga vizuri na najua mliona.

Kaka, nilikuja Julai nikiwa nimejiandaa kwa kila kitu ila kile nilichokikuta. Nilishuka, nikafika uani, mtoto wangu ambaye sijamwona miezi tisa akanipita akaenda zake. Siku nne sikusikia neno mama. Nilimletea gauni, akalinusa akaliacha. Usiseme ndivyo walivyo, maana hilo nimeshajiambia mwenyewe, na halikunisaidia.

Kitu pekee changu alichokigusa ni viatu. Nikivua mlangoni anavichukua, anaviingiza ndani, anavipanga ukutani pamoja na vingine. Nikivitoa anavirudisha. Daktari aliniambia watoto hawa hupanga vitu, na sasa nimejionea. Nilikaa pale mlangoni nikifikiri, kwa mtoto wangu mimi ni jozi ya viatu katika mstari. Ningekuwa kopo angenipanga vile vile.

Nimefikiri sana. Nimepata shule ya bweni yenye kitengo cha watoto kama yeye, mkoa mwingine, mbali na kwangu na mbali na kwenu. Walimu wamesomea. Nafasi ipo Januari. Wazazi wanaruhusiwa kutembelea mara mbili kwa mwaka. Mimi hanijui, kwa hiyo hatapoteza kitu, na ninyi mmebeba vya kutosha.

Kwa kuwa anaishi kwako, fomu inataka saini ya mlezi. Imo humu. Tafadhali saini uirudishe kabla ya mwisho wa mwezi huu. Usinipigie simu, nikisikia sauti ya mama nitabadilika.

Stephania

*

Nkololo
25 Agosti 2024

Mdogo wangu Stephania,

Mwangaluka. Mama mzima, kanga anaivaa mpaka shambani. Gloria anakusalimia. Pamba yote tumeuza, mabua tumeng'oa. Yule ndama jike anaachishwa kunyonya na makelele yake yanasikika mpaka kwa Maduhu, jambo ambalo kwa mara ya kwanza limempa Maduhu kitu halali cha kulalamikia.

Shuleni, mwalimu Rhoda amesoma nakala ya karatasi. Ni mtu mwema. Kesho yake alimhamishia Nyamizi dawati la nyuma, akamwambia asiandike, apumzike kwa kuwa ni mgonjwa. Mwanzo wa mwaka, kwake mtoto alikuwa na kiburi, sasa hawezi lolote. Nilikwenda nikamwambia karatasi haikuagiza mapumziko. Tumekubaliana akae mbele, karibu na dirisha, na mwalimu akimtaka aende mpaka kwenye dawati lake amguse bega kwa nguvu. Wiki hii ameandika herufi zote. Nyingine ziko kichwa chini, ila zipo.

Fomu yako imefika. Sijaisaini, na nitakwambia kwa nini, kwa utaratibu.

Ulipoondoka nilikuwa na wazo moja na wewe, kwamba viatu ni ule ugonjwa wa kupanga. Ilipofika barua yako nikaanza kuangalia, kwa kuwa kuangalia ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Nimeangalia siku kumi na mbili.

Nyamizi hapangi viatu vyote. Vya Gloria anaingiza. Ndala za mama anaingiza, na buti zangu za shamba hata zikiwa na tope. Vyake anaviweka mwisho. Basi. Maduhu anakuja hapa kila siku ya Mungu, na ndala zake hazijawahi kuvuka kizingiti. Siku moja ilinyesha mvua isiyo ya msimu, akaziingiza mwenyewe zisilowe. Nyamizi akazichukua akazitoa nje kwenye mvua. Alhamisi alikuja mwalimu Rhoda, anayemwona kila siku darasani. Viatu vyake vilibaki nje. Jumapili iliyopita alikuja Mayige kumsalimia mama. Vyake Nyamizi hakuviacha hata mlangoni, alivibeba mpaka barabarani, na tukavitafuta mpaka tukachoka.

Hakuna aliyemfundisha. Wasiolala katika nyumba hii, viatu vyao vinakaa nje. Wa hapa, vinakaa ndani. Mtoto amelishika hilo na analisimamia kuliko mlinzi wa ghala la ushirika.

Vya kwako aliviingiza siku ile ile uliyofika, kabla hujamaliza kunywa maji. Akaviweka kati ya ndala za mama na vyake. Gloria alihesabu, anasema ulivitoa mara sita. Mara sita zote alivirudisha pale pale.

Tangu uondoke pana nafasi ukutani, ya jozi moja. Juzi Gloria aliweka kapu la vitunguu hapo. Nyamizi akalitoa, hakulia, akalitoa tu.

Stephania, sijawahi kumkatalia mtu kitu katika familia hii. Mama aliposema kuku, nilitoa kuku. Aliposema Mwamapalala, niliendesha pikipiki, na mpaka leo nikikumbuka ile asubuhi naumia. Leo nakataa. Fomu nairudisha haina saini yangu. Kama kuna shule ya kumfaa tutaitafuta iliyo karibu, awe anarudi nyumbani jioni, na mama mwenyewe amesema atampeleka hata kwa kutambaa. Nampenda huyu mtoto. Nimeandika hivyo ili libaki kwenye kumbukumbu.

Omba likizo Desemba uje. Ukifika mlangoni vua viatu, uingie, na usivitoe.

Kaka yako,
Boniventura